Mgeni Asiyesema Rudini

Siku hizi hapa Nyasubi mgeni anasindikizwa na bodaboda. Unamtoa mpaka getini, mnasimama mkitazama simu, pikipiki inafika, anapanda, na kabla hujamaliza kumwambia awasalimie wa nyumbani umebaki na vumbi. Mimi mwenyewe nafanya hivyo na silalamiki, maana jua la Kahama halina huruma na magoti yangu si yale ya zamani. Ila tangu tulipomzika baba, wageni wa kutupa pole wamekuwa wengi, na kila nikimtoa mmoja nasikia neno lile lile: "Basi dada, rudi, hapa panatosha." Wengine wanalisema mguu mmoja ukiwa bado ndani ya geti. Nikilisikia nanusa unga wa muhogo, na mara najikuta niko kijijini kwa bibi, nje kidogo ya Runzewe, nikiwa mtoto wa kuuliza maswali mpaka watu wazima wanajifanya viziwi.

Tulikuwa watatu nyumbani pale, bibi mzaa mama, mama, na mimi. Tulilima mpunga bondeni na muhogo juu mlimani, na mpunga ukianza kutoa masuke kazi yangu ilikuwa kuwinga ndege. Kwa hiyo maneno ya kufukuza niliyajua mapema kuliko maneno mengine mengi. Kuku niliwaambia "shii", mbwa wa jirani niliwaambia "toka", na ndege niliwagongea debe huku nikiwatolea matusi ambayo bibi hakujua nimeyaokota wapi. Kilichonishangaza ni kwamba mgeni hakuwa na neno lake. Mgeni aliweza kukaa tangu umande mpaka matumbo yetu yangurume, na bibi asitamke lolote linalokaribia "nenda". Hata mgeni mwenyewe akisema anaomba ruhusa, bibi alijibu, "Mbona mapema?" kwa sauti ya mtu aliyeumizwa.

Nilimwuliza kwa nini anadanganya. Hakukasirika, akaniambia mdomo wa mwenye nyumba haukupewa neno la kumwondoa mgeni. Neno lipo, akasema, lakini anatembea nalo mgeni mwenyewe. Mnatoka naye, mnamsindikiza huku mnazungumza, mpaka mahali anapoona pametosha. Hapo yeye ndiye anayesimama na kuwaambia, mmenitoa mbali, rudini. Ndipo mnaagana, naye anakwenda zake.

Jambo hili lilinikosesha raha. Anayeondoka ni yeye, lakini wanaofukuzwa ni sisi tuliomlisha. Nililigeuzageuza kichwani nikiwa kwenye kichanja changu cha kuwingia ndege, na kwa akili yangu ya kitoto nikafikia uamuzi kwamba neno lile lilikuwa na nguvu juu ya miguu. Mwenyeji asipoambiwa "rudini", niliamini, miguu yake haiwezi kugeuka hata akitaka. Nilitaka kuhakikisha, kwa hiyo siku tulipomsindikiza mjomba nikajaribu kugeuka kabla hajasema. Sikufika mbali. Bibi alinidaka sikio na kunirudisha njiani, nami badala ya kulia nikafurahi, kwa sababu nilikuwa nimepata ushahidi.

Njia ya kutoka kwetu ilikata shamba la muhogo, ikakizunguka kichuguu kikubwa chekundu, kisha ikashuka kuelekea shule ya msingi na barabara ya Runzewe. Kichuguu kile kilikuwa mpaka usioandikwa. Mchungaji alisemea pale, mashangazi walisemea pale, na mjomba alisemea pale huku akikiegemea kwa kiwiko. Bibi alikuwa na elimu yake juu ya jambo hili, na aliitoa bure kwa yeyote aliyekuwa anatwanga naye. Anayekurudisha mlangoni, alisema, hataki uone anaelekea wapi. Anayekupitisha kichuguu hana haya, anakuchosha bure. Mtu mwenye adabu anasemea kichuguuni. Nilikuwa natazama kila mgeni kwa macho ya hakimu.

Baba yangu mzazi alisemea mlangoni. Hili sikuambiwa. Nililipata kwa kulala chali kwenye mkeka na kujifanya nimesinzia wakati wakubwa wanamenya muhogo. Alikuwa mtu wa kununua pamba, alikuja msimu mmoja akakaa mpaka mwingine. Siku moja akasema anakwenda Buseresere kuangalia biashara. Mama, akiwa na mimba yangu, alifuta unga mikononi ili amtoe walau mpaka kichuguuni, naye akamwambia, "Rudi tu, una kazi." Mama akarudi jikoni. Bibi hakuwahi kumlaani mtu yule. Alikuwa anasema tu, "Alisemea mlangoni," na mazungumzo yakahamia kwenye mvua.

Kisha akatokea Hilari. Mama alikuwa anauza michembe sokoni Runzewe, viazi vitamu vilivyokatwa vipande na kukaushwa juani, na Hilari alikuja kununua akidhani ni aina fulani ya ndizi. Alikuwa mtu wa Masasi, kusini kabisa, aliyeletwa huku na dhahabu. Hakuwa mchimbaji hasa. Kazi yake ilikuwa kufunga magogo ndani ya maduara, mashimo yale marefu ya dhahabu, ili kuta zisiwaporomokee walioko chini. Alikuwa mrefu, mwenye mikono iliyojaa makovu madogo ya vijiti, na anazungumza polepole kwa Kiswahili kisicho na haraka kama chetu. Alirudi kununua michembe tena na tena, mpaka mama mwenyewe akaanza kumcheka, kwamba kama ni njaa basi ya mtu huyu si ya viazi.

Mimi nilimpenda kwa sababu alijibu maswali. Watu wazima wote niliowajua walikuwa na jibu moja, kwamba nitajua nikikua. Hilari nilimwuliza giza la ndani ya duara likoje, akaweka chini kifurushi chake na kufikiri. Akasema ni giza ambalo ukifumba macho na ukiyafumbua hakuna kinachobadilika. Kisha akanivalisha tochi yake ya kichwani, nikazunguka nayo soko zima mchana kweupe nikijiona mtu mkubwa. Jioni ile nilimtaka awe baba yangu, na sikuona haya kumtaka.

Bibi ndiye hakumtaka. Kwake yeye mtu wa rashi hana kwao. Rashi ni pale dhahabu inapofumuka. Watu wanamiminika kutoka kila pembe, wanajenga kwa maturubai, wanakunywa, wanapigana, dhahabu inakata, na kesho yake pamebaki mashimo na mbwa. Hilari alipoomba kuja kujitambulisha, bibi alikubali kwa shingo upande. Asubuhi ya siku ile wakiwa wanatwanga, mimi nikiwa nyuma ya ukuta, nilimsikia akimwambia mama, "Akija nitampa chakula na nitamtoa. Akisemea mlangoni kama yule mwingine, usinitajie jina lake tena. Akisemea kichuguuni, tutazungumza."

Mama aliendelea kutwanga. Mimi nilijua kitu ambacho Hilari hakukijua. Alikuwa anakuja kufanya mtihani na hakuna aliyemwambia kwamba kuna mtihani. Nikaapa kumnong'oneza.

Alikuja jua likiwa utosini, amevaa shati lililopigwa pasi, mkononi ana sukari na mche wa sabuni. Alikuwa amejifunza salamu ya Kisukuma njiani, akamwinamia bibi na kusema "mwangaluka" kwa fahari. Mwangaluka ni salamu ya asubuhi. Bibi akaitikia "mwadila", salamu ya mchana, kavu kabisa, na mama akaingia jikoni kucheka. Tulimpikia kuku na ugali wa muhogo, akala vizuri, maana na kwao wanaula. Bibi alimwuliza wazazi, ndugu, kanisa, kama amewahi kuoa. Alijibu kila swali na hakuongeza kitu. Kila nikisogea karibu yake ili ninong'one, bibi alinituma maji, au kuni, au kumwangalia kuku ambaye tayari alikuwa ameliwa.

Hatimaye akasimama na kusema, "Bibi, naomba ruhusa."

"Mbona mapema?" bibi akasema, kama ilivyo desturi.

Hilari akakaa tena. Sisi wote tukatazamana. Hakuna mgeni aliyewahi kukaa tena. Baada ya muda akasimama, akaomba ruhusa, bibi akasema mbona mapema, naye akakaa, safari hii akionekana kuwa na wasiwasi kwamba pengine kuna sahani nyingine inakuja. Mama ndiye aliyetuokoa. Alijifunga kanga, akasema jua linashuka na mgeni ana safari, akatoka nje wa kwanza.

Pale mlangoni niliziba pumzi. Mama pia, nilimwona. Alikuwa peku, na kanga ya jikoni yenye unga, kwa sababu hakuna anayevaa viatu kwa safari ya kichuguuni. Hilari alivuka kizingiti, akainama kupita chini ya upenu, akaanza kutembea na hakusema kitu. Mama alishusha pumzi. Tukapita kwenye muhogo, bibi mbele na mgeni, mama na mimi nyuma, nami nikajisemea mtihani umebaki nusu.

Tulipofika kichuguuni bibi alipunguza mwendo. Hilari naye akapunguza, kumfuata. Bibi akasimama kidogo, akatazama mawingu, akasema mwaka huu mvua itachelewa. Hilari akasimama, akatazama mawingu, akakubali. Nilikuwa natamka neno kwa midomo bila sauti, rudini, rudini, lakini alikuwa anatazama mawingu. Basi nikajitupa chini na kushika mguu, nikasema nimechomwa na mwiba, ili tubaki palepale mpaka akumbuke. Hilari alipiga magoti, akaukagua unyayo wangu kwa utaratibu kama anavyokagua gogo, akasema mwiba haupo, mtoto amechoka. Akanibeba mabegani, tukakipita kichuguu.

Nilitazama nyuma nikiwa kule juu. Uso wa bibi ulikuwa wa mtu aliyeona mbuzi akipanda ngazi. Lakini hakuambiwa arudi, na bibi hakuwa mtu wa kuvunja desturi kwa sababu mgeni haijui. Akafuata.

Tukapita shule. Tukapita ghala la pamba. Nilikuwa nimekaa kwenye mabega ya mtu niliyemtaka, na nilipaswa kufurahi, lakini nilikuwa na hofu kubwa. Niliamini miguu yetu imekwishafungwa. Kama Hilari hatasema, tutaendelea kutembea mpaka anapoishi, na akihama tutahama naye, na mwisho tutafika Masasi, na kuku wetu nani atawafungia. Njiani tulikutana na jirani yetu akitoka sokoni, akashangaa kumwona bibi na fimbo yake na mama akiwa peku. Akauliza wanampeleka wapi mgeni. Bibi akasema wanasindikiza tu. Yule jirani akauliza, mpaka Runzewe?

"Hajasema," bibi akajibu, na akaendelea kutembea.

Mama alikuwa anaona aibu ambayo sijawahi kumwona nayo tena. Kila mtu pale mjini alimjua kwa michembe yake, na sasa anaingia mjini na kanga ya jikoni nyuma ya mwanamume. Alitembea ameinamisha kichwa. Nadhani alikuwa ameshahesabu kwamba jambo limeharibika. Mtu asiye na haya, bibi alikuwa amesema, ni yule anayekupitisha kichuguu, na huyu ametupitisha vijiji.

Hilari alikuwa amepanga chumba nyuma ya makarasha, mashine zile za kusaga mawe ya dhahabu, kwenye uwanja wenye vyumba vingi na bomba moja. Mwenye nyumba, Mama Zawadi, mwanamke mnene mwenye sauti ya kushinda mashine, alitukodolea macho. Akasema kwa mshangao wa kweli kwamba tangu Hilari ahamie pale hajawahi kumwona na mgeni, na leo ameleta ukoo. Bibi alimsalimia kwa heshima na masikio yake yakafunguka. Niliona. Alisimama na Mama Zawadi kwa muda mrefu kuliko salamu inavyohitaji.

Chumba kilikuwa na kitanda kilichotandikwa, begi ukutani, na magogo mafupi ambayo alikuwa anayachonga. Hilari aliazima vigoda kwa majirani. Alichemsha chai, na ilipofika wakati wa kuimimina akasimama katikati ya chumba, birika mkononi. Alikuwa na kikombe kimoja. Aliona aibu sana, akataka kutoka kuazima, lakini bibi akamzuia kwa fimbo, akapokea kile kikombe, akanywa, akakirudisha kisuuzwe apewe mama, kisha mimi, kisha Hilari mwenyewe. Tulikunywa chai yote kwa zamu, na katikati ya zamu hakukuwa na la kufanya ila kuzungumza.

Ndipo bibi akauliza. "Kwenu mtu akisindikizwa, hasemi kitu?"

Hilari akaweka birika chini. "Kwetu mdogo hamrudishi mkubwa, Bibi. Mkubwa akichoka anarudi mwenyewe. Nimeona Bibi huchoki, nikasema hawa ni watu wa ajabu."

"Nimechoka tangu shuleni," bibi akasema.

Mama alicheka kwanza, akiwa ameziba mdomo kwa kanga yenye unga. Halafu Hilari, halafu bibi mwenyewe, kicheko kile chake cha kifuani ambacho kilikuwa hakitoki mara nyingi. Mimi sikucheka. Niliuliza kwa hasira kama sasa tutarudi nyumbani au hapana, na kama atasema au hasemi. Hilari akanigeukia, akalifikiria swali kama alivyofikiria lile la giza. Akasema hawezi kumwambia bibi arudi, mdomo wake haukuzoea, lakini anaweza kuturudisha.

Na kweli alitusindikiza njia nzima. Mama alivaa makatambuga ya Hilari, viatu vya matairi vilivyokuwa vinampwaya mpaka vinapiga kelele barabarani. Nilitembea nimemshika bibi mkono. Njiani, Hilari na mama wakiwa wametangulia kidogo, nilimwuliza bibi kama Hilari ameshindwa. Akasema, mtu mwenye kikombe kimoja hana mgeni wa siri. Kisha akasema, kana kwamba anazungumza na fimbo yake, kwamba yule wa mlangoni mpaka leo hatujui nyumba yake iko wapi, na huyu ametupeleka mpaka kitandani kwake bila kuulizwa. Sikuelewa uhusiano wa vikombe na ndoa, lakini sauti ilikuwa nzuri, nikatulia.

Jua lilikuwa limeinama tulipofika kichuguuni. Bibi akasimama. Hilari akasimama pia, na safari hii hakutazama mawingu. Bibi alimwangalia toka kichwani hadi miguuni, miguu ambayo sasa ilikuwa peku.

"Umetutoa mbali, ng'wanawane," akamwambia. "Rudi."

Ng'wanawane ni mwanangu. Mama aligeuka akatazama shamba la muhogo, na mabega yake yakaanza kutikisika, nami nilidhani anacheka tena. Ilinichukua miaka kuelewa kilichofanyika pale. Bibi alikuwa amelisema neno la mgeni. Aliyekuwa amekataa kwamba mtu wa rashi ana kwao alikuwa amesimama njiani akitoka kwa mtu huyo, amekunywa chai yake, na anamrudisha mwenyeji wake kwa heshima zote. Wakati ule niliona tu kwamba Hilari aliambiwa rudi na miguu yake ikageuka papo hapo, nikaridhika kwamba nadharia yangu ilikuwa sahihi na watu wa Masasi wanaumbwa kama sisi.

Alikuja na wazee kabla ya msimu wa kulima kwisha, na nikaanza kumwita baba. Neno lile la "rudini" hakujifunza kamwe. Aliendelea kwenda kwenye maduara, wiki na wiki, na kila akiondoka tulimtoa mpaka kichuguuni, tukasimama, tukamngoja. Hakusema. Badala yake aligeuka pamoja nasi, akaturudisha mpaka mlangoni, akahakikisha tumeingia, ndipo akashika njia peke yake kwa mwendo wa kukimbia. Safari zake zote zilianza mara mbili. Magari yalimwacha mara nyingi, na bibi alimtania kwamba siku moja dhahabu yote itaisha yeye akiwa bado kichuguuni. Alicheka tu. Alinilipia shule, alinitoa mimi mwenyewe siku naolewa kuja Kahama, na siku ile pia alipanda gari letu "kidogo tu" na akashukia mbali sana.

Bibi alitangulia siku nyingi. Baba amemfuata sasa, kwa kifua kilichokuwa kimejaa vumbi la chini. Alikuwa amesema azikwe palepale kijijini, na ndugu zake waliotoka Masasi hawakubishana. Walipoona watu waliojaa uwanjani walijua ndugu yao hakuwa mgeni. Tulimlaza pembeni ya bibi, juu ya shamba la muhogo, mahali ambapo kichuguu kinaonekana. Mashada yakawekwa, sala ikasomwa, mwenyekiti wa kitongoji akatangaza kwamba chakula kiko tayari na watu warejee nyumbani. Watu wakaanza kuondoka kidogokidogo. Mama hakuondoka.

Kina mama walimshika mikono, wakamwambia twende, mama, jikaze, utaanguka na jua hili. Hakuwa analia. Alikuwa amesimama wima, kanga mabegani, akiutazama udongo mpya kama mtu anayesubiri kujibiwa. Wakanifuata mimi, wakasema kaongee na mama yako, amezidiwa. Nikarudi, nikasimama ubavuni pake. Nilimwuliza kama anaumwa. Akatikisa kichwa.

"Nasubiri aseme," akaniambia.

Nilitaka kulia na nilitaka kucheka. Nikamwambia, "Mama, huyu hajui kusema."

"Najua," akasema. "Alikuwa anaturudisha."

Tukasimama. Kule nyumbani vyombo vilikuwa vinagongana, mtu anaita watoto waje kunawa mikono. Nilikuwa mtu mzima mwenye watoto wangu, lakini naapa miguu yangu ilikataa kusogea, na nikawa na hofu ileile ya kule juu mabegani, kwamba tumekwama na hakuna wa kutufungua. Mama alivua kandambili zake, sijui kwa nini, akaziweka pembeni. Akasogea mpaka karibu kabisa na kichwa cha kaburi. Alizungumza kwa sauti ya kawaida, ile aliyokuwa anatumia kumwambia chai iko tayari.

"Umetutoa mbali, Hilari," akasema. "Rudi."

Kisha akanishika mkono, na miguu yetu ikageuka.